OK ama Okay? Till ama 'Til? Hizi Ndizo Spelling za Ngeli Zenye Watu Hupigania, na Nani Ako Sawa

Unajua hii story. Msee anapost picha kali, luku imeiva, caption ameifikiria lisaa lizima. Halafu anatokea mjuaji mmoja. Haoni picha, haoni luku, anaandika tu: "Ni y'all, si ya'll." Sherehe imeisha. Kabla jioni ifike, picha imefutwa.

Kenya hii, kuchekwa juu ya ngeli si mchezo. Ni kitu tumerithi. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika venye watoto wa enzi ya mkoloni walichapwa na kuvishwa kibao cha aibu shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani, na kuna wazazi wetu walibeba disk shuleni miaka mingi baada ya uhuru. Hadi leo ukishrub mbele ya darasa, wote wanaanguka chini kwa kicheko. Kwa hivyo mtu akikukosoa herufi moja, wewe huskii herufi. Unaskia umeambiwa hukusoma. Ndio unapata msee ako na point moto, lakini kwa group ya kazi ananyamaza, anatuma tu kidole gumba.

Sasa skiza. Kwa hizi vita za spelling, mara nyingi yule mjuaji hana sheria yoyote mfukoni. Kuna maneno ya ngeli yenye yako na njia mbili za kuandikwa na zote zimekubalika. Kuna mengine ni mdomo tu umewekwa kwa maandishi, yako na mahali pake. Halafu kuna makosa, makosa kabisa, yale unafaa kurekebisha kabla ya kutuma CV. Shida ni watu kuchanganya hizi tatu.

Kwanza, ngeli haina chifu

Ufaransa iko na Académie française, kikao cha wazee wa lugha kilichoanza 1635. Kiswahili nacho kilikalishwa chini: mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua lahaja ya Unguja kuwa msingi, 1930 kamati ya lugha ikaundwa, na 1967 Tanzania ikaanzisha BAKITA. Ndio maana mwalimu wako wa Kiswahili alikuwa anaweza kukwambia tahajia ni hii, basi.

Kiingereza hakijawahi kuwa na kitu kama hicho. Hakuna ofisi London yenye inapiga muhuri maneno. Kamusi kama Oxford na Merriam-Webster kazi yao ni kucheki watu wanaandika aje, kisha wanaweka rekodi. Magazeti yako na vitabu vyao vya sheria za ndani, na hizo sheria hazipatani. Kwa hivyo mtu akikwambia "hiyo si neno", muulize tu: kwa kitabu cha nani?

Wamarekani walijaribu kulazimisha. Noah Webster, yule wa kamusi, alifaulu na color na honor bila ile u, lakini alipotaka watu waandike tung badala ya tongue na wimmen badala ya women, wakamkataa. Agosti 1906 Rais Theodore Roosevelt akaamuru ofisi ya serikali ya uchapishaji itumie spelling mpya za maneno 300, kama thru na tho. Magazeti yakamchapa na vichekesho, bunge likakataa, na kabla mwaka uishe alikuwa amerudi nyuma. Rais mzima na thru ikamshinda. Gazeti la Chicago Tribune nalo lilishikilia thru na tho kutoka 1934 hadi 1975, likachoka.

Lakini cheki kitu: kile rais alishindwa nacho, vibanda vya burger viliweza. Leo drive-thru iko kila mahali duniani, hata hapa Nairobi, na ukiandika drive-through kwa bango utaonekana unajaribu sana. Nje ya hapo, barua ikianza na "I am writing thru this email", hiyo hapana.

OK, okay, ok, okey, k

Hii ndio mama ya vita zote, na story yake ni tamu kuliko unavyodhani.

Miaka ya 1830, waandishi wa magazeti wa Boston walikuwa na mzaha wao. Unachukua maneno ya kawaida, unayaandika vibaya makusudi, halafu unabaki na herufi za kwanza pekee. "All right" waliiandika "oll wright", ikawa O.W. "No use" ikawa "know yuse", K.Y. Na "all correct" ikawa "oll korrect". Tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post likachapisha hiyo o.k. Kama ni SMS za kina sisi wakati wa "xaxa", hakuna tofauti.

Hizo zingine zote zilikufa. OK iliokolewa na siasa. Mwaka uliofuata Rais Martin Van Buren alikuwa anatafuta kura tena, na kwao kulikuwa kijiji kinaitwa Kinderhook, jimbo la New York. Wafuasi wake wakamuita Old Kinderhook, wakaunda vikundi vya O.K., nchi nzima ikaanza kuimba herufi mbili. Van Buren alianguka kura. Neno likabaki.

Hii yote ilichimbuliwa na profesa mmoja anaitwa Allen Walker Read, wa Columbia University, aliyeichapisha mwaka wa 1963 na 1964. Kabla yake watu walikuwa wanajibambia tu. Rais Woodrow Wilson aliamini ni neno la Wachoctaw, wenyeji asili wa Marekani, na alikuwa anaandika okeh. Hata kulikuwa na lebo ya muziki inaitwa Okeh Records, iliyoanza 1918, lakini hiyo jina ilitoka kwa herufi za mwenyewe, Otto Heinemann.

Sasa unaona kichekesho? Neno lenye watu wanatukaniana spelling yake lilizaliwa likiwa spelling mbaya. OK ndiyo ya kwanza. Okay ilikuja baadaye, mtu akiandika venye anaskia. Shirika la habari la AP linataka OK kwa herufi kubwa, waandishi wengi wa vitabu wanapenda okay juu inakaa vizuri katikati ya sentensi bila kupiga kelele. Zote mbili ziko kwa kamusi. Ukiamua moja, ikae nayo hiyo hiyo kwa barua yote, basi.

Okey na oke ni zetu, Mkenya akiandika Kiswahili na kuichomeka hapo katikati. Kwa ngeli rasmi haziingii. Na k peke yake si spelling, hiyo ni vita. Ukitumiwa "k." yenye iko na nukta, jua leo unalala na njaa.

All right ama alright

Hapa kuna watu watakufa wakibisha. Hoja ya upande wa alright ni rahisi: already, altogether na almost zote zilianza kama maneno mawili na "all", zikaunganishwa, na hakuna mtu analia. Kwa nini alright ndiyo ikataliwe? Tena inasaidia. "The answers are all right" ni kusema majibu yote ni sahihi. "The answers are alright" ni kusema si mabaya sana. Mwanafunzi mmoja amepata A, mwingine amepata C.

Upande wa pili wanasema tu: wahariri hawaitaki. Na wako na ukweli, wahariri wengi bado wanaifuta, na kamusi nyingi bado zinakuonya.

Ukitaka kuona venye hii kitu haijaisha, cheki haya majina mawili. The Who, bendi ya Uingereza, walitoa ngoma 1965 inaitwa The Kids Are Alright. Kukaja filamu 2010, jina ni lile lile ukilitamka, lakini kwa bango ni The Kids Are All Right. Kendrick Lamar naye 2015 akaachilia Alright, ikaimbwa barabarani kwenye maandamano ya Black Lives Matter, na hakuna mtu alisimamisha maandamano kuuliza mbona haijatengana.

Kwa muziki, caption na chat, alright iko sawa. Kwa mtihani, barua ya kazi ama kitu boss atasoma, weka all right. Hapo unacheza salama, hakuna mtu atakukata maksi kwa kuitenganisha.

Till, 'til, until (na ile ya M-Pesa)

Tuelewane kwanza: ile till ya lipa na M-Pesa ni neno lingine kabisa. Hiyo ni droo ya pesa ya duka, yenye keshia hufungua ikilia. Safaricom wakaichukua wakaifanya namba, na leo hata mama mboga ako na till bila droo yoyote.

Hii yetu ni ile ya "mpaka". Na hapa wajuaji wengi wanaanguka, juu wao hufikiria till ni kifupi cha until, kwa hivyo lazima iwe na alama ya kukata: 'til. Ni kinyume. Till ndiyo mzee. Ilikuwa kwa Kiingereza karne nyingi kabla until ijitokeze, na until yenyewe imetengenezwa kwa kushika kipande cha zamani, und, chenye maana ya "hadi", na kukibandika mbele ya till. Yaani until ni kama kusema "hadi mpaka".

Kwa hivyo "Open till late" kwa ukuta wa kibanda iko sawa asilimia mia. Mwenye kibanda hakukosea, na fundi wa rangi hakukosea. 'Til na l moja pia watu wameizoea, hasa kwa nyimbo na mabango, na kamusi zinaitambua. Yenye haiwezi kutetewa ni 'till, alama ya kukata mbele na l mbili nyuma. Hiyo imekata kitu chenye hakikuwepo.

Aside kidogo ya wale wa kudesign poster: ukiandika 'til kwa simu ama laptop, ile alama hujigeuza, inatazama upande mbaya, juu mashine inafikiria unafungua maneno ya mtu. Alama ya kukata mkia wake hutazama kushoto, kama koma imepanda juu. Mtu wa graphics akiona hiyo imegeuka, anajua hukucheki. Story ni hiyo hiyo kwa '90s.

Na ukiwa hapo kwa bango, "Open everyday" cheki tena. Everyday ikishikana ni sifa: nguo za everyday, za kuvaa kila saa. Ukitaka kusema kila siku, ni every day, mbili, mbali mbali. Nairobi hii mabango yenye yako na hiyo ni mengi kuliko matatu, na hapa kwa kweli ni makosa, si mtindo.

Y'all

Yule mjuaji wa mwanzo, kwa hii alikuwa sawa. Alikosa tu adabu.

Y'all ni "you" na "all". Kile kimetolewa ni "ou", kwa hivyo alama inakaa pale "ou" ilikuwa: y, alama, all. Ukiandika ya'll umekata a na hujaiambia iende wapi. Hakuna kamusi itakutetea hapo.

Lakini neno lenyewe usiliite la washamba. Sisi wa Kiswahili tunafaa kulielewa kuliko mtu yeyote. Wewe ni mmoja, nyinyi ni wengi, na ukichanganya mtu anakushangaa. Kiingereza zamani kilikuwa nayo pia: thou kwa mtu mmoja, ye na you kwa wengi. Halafu you ikaanza kutumiwa kwa mtu mmoja kama heshima, ikaenea, ikameza thou nzima. Kimombo kikabaki na shimo. Ukisema "you are invited", hakuna mtu anajua kama ni yeye ama ni ukoo wote. Watu wa kusini mwa Marekani wakaziba hilo shimo na y'all, wa Liverpool na Ireland wakaziba na youse, na kila mmoja anacheka mwenzake. Kwa ufupi y'all ni "nyinyi" ya ngeli. Ukiitumia tu kuambia mtu mmoja, hapo umepoteza maana yake.

Coz, cos, cuz, 'cause

Unaeza jua mtu ametoka wapi na hii moja. Mwingereza anaandika cos. Mmarekani anaandika cuz ama 'cause. Mkenya anaandika coz, na enzi za credo ya shilingi kumi ilikuwa bcoz, coz SMS moja ilikuwa herufi 160 na ukipita unalipa ya pili.

Hakuna yenye iko juu ya ingine. Zote ni because iliyokatwa kichwa. Kitu cha kuchekesha ni kwamba coz kwa Kiingereza cha kale ilikuwa kifupi cha cousin. Kwa tamthilia za Shakespeare utawapata wakiitana coz, na hawaelezi sababu ya kitu chochote, wanasalimiana. Sisi nayo tukaichukua cousin tukaiweka o nyuma, cuzo. Miaka mia nne, na msee bado anaita binamu yake kitu kile kile.

Kwa barua rasmi ni because. Hapo hakuna mjadala.

Gonna, wanna, Imma na jamaa zao

Hizi si uvivu. Kila lugha hufinya yale maneno inatumia kila dakika. Wewe mwenyewe hausemi "nitakuonyesha", unasema "ntakushow". "Sijui" kwa chat imekuwa "cjui" ama "sjui". Mdomo wa Mwingereza nao ulifinya "going to" ikawa gonna, "want to" ikawa wanna, "give me" ikawa gimme.

Na ziko na sheria, ndio watu hawajui. "I'm gonna eat" ni sawa. "I'm gonna Nakuru" hakuna mtu wa Kiingereza anasema, hata mlevi. Gonna inafuatwa na kitendo pekee. Ukiwa unasafiri lazima urudi kwa going to. Hakuna mwalimu alimfundisha mtu hiyo. Watu waliikubali bila kikao.

Finna pia ni ya hapa. Ni "fixing to", yenye watu wa kusini mwa Marekani walikuwa wanatumia kusema "niko karibu kufanya kitu", Wamarekani weusi wakaifinya, hip hop ikaisafirisha. Kiingereza cha Wamarekani weusi kiko na sarufi yake kamili, watu wa isimu wamekiandikia vitabu, kwa hivyo mtu akisema finna ni broken English, hajui kenye anasema.

Ile ya kupasua kichwa ni Imma. Ni gonna imefinywa tena: I'm gonna, I'm'a, mpaka ikabaki sauti mbili. Septemba 2009 Kanye West alipanda jukwaani kwa tuzo za MTV akachukua maiki ya Taylor Swift na kumwambia atamwacha amalize, na kesho yake intaneti nzima ilikuwa inarudia hayo maneno kwa spelling nne: I'ma, Imma, I'mma, Ima. Miaka imepita, na hakuna imeshinda. I'ma inaonyesha vizuri neno limetoka wapi. Imma ndio vidole vya watu vimezoea. Mimi nasema chukua yoyote, lakini Ima bila alama na bila m ya pili inafanana sana na jina la mtu.

Xmas, lite na zile za biashara

Kila Desemba kuna mtu atakutumia ile meseji: usiandike Xmas, unamtoa Kristo kwa Krismasi. Mwambie pole pole. Hiyo X si ya Kiingereza. Ni herufi ya Kigiriki inaitwa chi, na ndiyo herufi ya kwanza ya Kristo kwa Kigiriki, lugha yenye Agano Jipya liliandikwa nayo. Wakristo wenyewe walikuwa wanaitumia kama kifupi cha jina Lake karne nyingi zilizopita, na Waingereza walikuwa wanafupisha Krismasi na X tangu karne ya 16. Ukweli ni kwamba wahariri wengi bado hawaipendi kwa maandishi rasmi, AP wanaikataza. Lakini si dhambi.

Lite ni story ya pesa. Kampuni ya bia ya Miller huko Marekani ilikuwa na bia inaitwa Lite, na ikataka kampuni zingine zikatazwe kutumia light kwa bia zao. Mwaka wa 1977 mahakama ya rufaa ya Chicago ikasema hapana: light ni neno la watu wote, na kuliandika vibaya hakukufanyi ulimiliki, juu ukilitamka ni lile lile. Ndio maana leo hata hapa kwetu unapata Tusker Lite kwa meza bila mtu kushtakiwa. Somo la bure kwa wewe unafikiria kuita biashara yako Kwik ama Freshi ukidhani umejificha.

Donut ama doughnut? Zote. Dunkin' walijiita Donuts 1950, Krispy Kreme wakashikilia Doughnuts, na kinyozi wetu anaita zote mandazi iko na shimo.

Mic ama mike

Wazee wako juu kwa hii. Mike ndiyo ilitangulia, enzi redio inaanza, juu kama bicycle hukuwa bike, microphone inakuwa mike. Mic ilikuja kwa nguvu baadaye, juu ndiyo ilikuwa imeandikwa kwa mashine za studio, na ma-MC wakaipenda. Leo open mic ndiyo utaona kwa kila poster ya spoken word, na ukiandika open mike, watu watauliza Mike ni nani na amefunguliwa nini.

Matata inaanza ukiigeuza kitendo. Micing inasomeka kama panya. Miced pia. Kwa hivyo watu wa TV huandika mic'd, na wengine wanarudi kwa miked kimya kimya. Hapa hata mhariri mkali hujikuna kichwa.

Whoa na yeah nitazipitia mbio. Whoa ndiyo ya zamani, ni sauti ya kusimamisha farasi, na ndiyo kamusi huweka mbele. Woah ni ya intaneti, ingawa ikishafika jina la ngoma ya Lil Baby, utaitoa aje? Yeah ni "eeh". Yea inatamkwa "yei" na ni ya kupiga kura bungeni. Yay ni ya kushangilia. Ukimwandikia boss "yea", ujue umepiga kura.

Ile z yetu, na x ya 2010

Kuna spelling yenye hakuna mtu alikosea, aliichagua. Boyz n the Hood, filamu ya John Singleton ya 1991, haikukosa mhariri. Hiyo z ilikuwa inasema sisi ni wa wapi. Ilifika Nairobi bila kuchelewa: Necessary Noize na z yao, Kleptomaniax na x yao, na hakuna mtu aliwaambia warudi darasa la nne. Sisi wengine tukafuata na "xaxa" na "xema" kwa simu za mulika mwizi. Hiyo ilizeeka, na leo ukiandika "xaxa" kwa group watu wanajua umri wako. Lakini ilikuwa mtindo, na mtindo huisha kama viatu, hausahihishwi.

Sasa makosa yenyewe

Zimebaki mbili zenye hakuna mtu wa kukutetea, na ndizo huniuma nikizipata kwa barua ya kazi, juu mwenye kuandika anaweza kuwa mtu mzuri kabisa wa hiyo kazi.

Ya kwanza ni could of, should of, would of. Ukiskia mtu anasema "could've", masikio yanapata "could of". Masikio hayajakosea, hivyo ndio inasikika. Lakini neno lililofinywa ni have. Andika could have, ama could've kama ni chat. Wenye Kiingereza chao wanaikosea kila siku, pengine kuwashinda nyinyi, juu wao walikijua kwa masikio kabla ya kukisoma. Wewe ulikisoma kwanza. Hiyo ni silaha, itumie.

Ya pili ni alot. Hiyo haijawahi kuingia, hata kama another na already ziliingia. Ni a lot, maneno mawili. Na usitegemee simu ikuokoe, juu kuna allot na l mbili, yenye ni kugawa, kama ile letter of allotment ya shamba. Ukiandika "Thanks alot" kwa haraka, simu inaweza kukurekebishia iwe "Thanks allot", unabonyeza send, na HR anabaki akijiuliza umemgawia ploti gani na iko wapi.